Nilipiga Kelele Msibani kwa Ajili ya Maua ya Parachichi

Shangazi Winfrida mpendwa, shikamoo. Naomba unisaidie kabla miti haijakatwa, maana mwenzako siku hizi hata chakula hakipiti.

Mimi ni mwalimu wa baiolojia hapa Tukuyu, mzaliwa wa Kilimanjaro, nimeolewa na Mnyakyusa anaitwa Anyitike, tunaishi Ibighi, na mume wangu hana neno, shida ni mimi na baba yake. Unaijua mila ya huku, mke wa mtoto haonani na baba mkwe uso kwa uso, akija yeye natoka, nikija mimi anatoka, hata jina lake silitaji, na nimeishika mila hiyo ingawa inaniuma, kwa sababu kwetu nilizoea kutembea shambani na marehemu baba yangu nikimuuliza kwa nini hiki, kwa nini kile, naye hachoki kunijibu, nikaolewa nikidhani nimepata baba mwingine wa kumuuliza, kumbe nimepata mgongo wa koti unaopotelea migombani.

Sasa baba mkwe ana shamba la parachichi kule Masoko. Sehemu ya juu alikata miti yote ya kienyeji akapanda ya kisasa, inachanua mpaka unafurahi, halafu matunda ya kutafuta kwa tochi. Sehemu ya chini aliacha miti mitatu mizee ya kienyeji katikati ya hiyo ya kisasa, na huko matawi yanaelemewa. Mbolea ileile, udongo uleule, mvua ya Mungu ileile! Nimejiuliza weee, mpaka Anyitike akasema nimerogwa.

Basi tukafiwa na shangazi yake. Wanawake tuko nyuma ya nyumba tunamenya ndizi, wazee wakipita sisi wakwe tunaondoka, wakishapita tunarudi, mikono imejaa utomvu, mara akili ikaruka mpaka kule shambani. Nikawaza, je, kama ua la parachichi nalo lina mila hii? Upande wa kike ukifunguka, wa kiume bado umelala, na wa kiume ukiamka, wa kike umeshafunga mlango, kwa hiyo miti ya aina moja inapishana tu bila kukutana, mpaka uwepo mti wa ukoo mwingine wenye saa zake tofauti! Shangazi, nilisahau niko wapi. Nilisimama nikapiga kelele, "Wanapishana! Ndiyo maana, wanapishana!" huku nacheka, kugeuka hivi, macho yangu na ya baba mkwe, na marehemu hajazikwa.

Wifi yangu Ikupa alinivuta kanga nikakaa chini. Tangu siku hiyo sijakanyaga Masoko, na nimesikia kwamba matanga yakiisha baba mkwe anaikata ile miti mizee apande ya kisasa. Mume wangu nikimtuma anasema, "Nikamwambie baba nini, kwamba maua nayo yana wakwe?" Mwalimu mwenzangu Medard ananicheka, anasema sayansi inatoka maabara, haitoki kwenye kumenya ndizi. Labda ni kweli. Lakini natamani, Shangazi, natamani kusimama chini ya mti ule mara moja tu, mzee yule aniambie, "Mwanangu, hebu eleza." Nifanyeje?

Sia, Ibighi.

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, Sia. Pole. Na wewe nawe, msibani! Kucheka mbele ya maiti, tena umemkazia macho mkweo! Hapo sikutetei.

Ila huyo Medard mwambie anyamaze. Maabara ni mahali pa kupimia wazo, na wazo lenyewe huja linapotaka, hata kwenye maganda ya ndizi. Maelfu wamemenya ndizi misibani wakaona ndizi tu. Nimemuuliza bwana shamba mmoja, akaniambia wataalamu wanajua siku nyingi kwamba maua ya parachichi hupishana hivyohivyo. Usinune kwamba wamekutangulia. Wao hawajafika kwa mkweo, na hakuna ajuaye kama hiyo ndiyo sababu ya shamba lile. Hata wewe hujui. Umeliona kichwani, kwenye ua bado, na mwalimu mzima unalia badala ya kupima!

Sasa sikiliza. Kesho chukua mkungu wa ndizi, nenda kwa mama mkwe, piga magoti uombe radhi, na lolote mila itakalodai ulitoe bila kununa. Anyitike aende nawe, asijifiche nyuma ya utani. Ukishasamehewa, omba miti ibaki msimu huu mmoja tu wa maua. Halafu kata matawi ya mti mzee yenye maua, yatie kwenye ndoo ya maji, yaweke chini ya mti mmoja wa kule juu, uyabadilishe yakinyauka. Mti mwingine wa mbali kidogo usiuwekee kitu. Nyuki watafanya kazi yao, na matunda yatasema.

Maua hayo yanatakiwa kutazamwa asubuhi na alasiri, na asubuhi wewe uko darasani. Nani yuko shambani asubuhi? Eeh, huyohuyo. Basi mwombe kupitia kwa mama. Asubuhi atazame yeye, alasiri utazame wewe akishaondoka, jioni mama akusanye maneno ya wote wawili. Na ukituma habari usiseme kike na kiume, mzee ana heshima zake. Ua likifunguka kike sema "la kwanza", likifunguka kiume sema "la pili", ataelewa.

Baba wa kutembea naye shambani ulimzika kwenu, mwanangu, na huyu hatakuwa yule. Huyu mtapishana mpaka mwisho. Lakini siku mama mkwe atakapokuja kukwambia, "Baba yako anauliza, la kwanza leo limechelewa kufunguka, ni kwa sababu ya ukungu?", kaa chini ulie unavyotaka. Kisha futa machozi umjibu, maana mzee atakuwa anasubiri.