Meli ya Jamii ya Chura

Alhamisi, Rahaleo

Nimecheka mpaka mbavu zinauma, ingawa kesho sijui nitaingiaje ofisini.

Si nilipewa ile historia ya utumishi wa meli ya kivita ya wageni iliyotia nanga hapa niitafsiri kwa Kiswahili, Bosi aisome leo bandarini? Fukwe ilikoshusha askari, sehemu za mafuriko ilikopeleka chakula, yote nikaandika. Ikabaki aina ya meli yenyewe, "amphibious", yaani ya vita vya majini na nchi kavu. Ualimu wa baiolojia niliuacha, wenyewe haujaniacha. Nikaandika: "meli ya jamii ya chura." Nilitaka tu kuona kama Bosi husoma anachosaini.

Hasomi.

Akaitamka kwenye kipaza sauti, mbele ya wanajeshi na wavuvi. Bi Somoe, muuza samaki, akanyoosha mkono. "Samahani mheshimiwa, na huyo chura wenu anataga wapi?"

Watu wakaangua kicheko. Bosi akanigeukia, nikajua kibarua changu kimeota nyasi.

Mara meli ikafungua mlango wake wa nyuma. Kikatoka kiboti, kikafuata kingine, na kingine, vyote vinaelekea ufukweni.

"Haya," akasema Bi Somoe, "nimeshajibiwa."