Ekzosi Iliyonyamaza

Nekesa wangu,

Niaje, kama mnavyosema. Huku tuko salama. Mke wangu, shosho wako, anakusalimu, na kuku wake wamekula sukuma ya jirani tena.

Umeniuliza kama bosi asiyekupenda anastahili kazi safi. Wacha nikuambie kuhusu babake shosho.

Mzee alikuwa na ploti hapa Kabiro na gari la foo-wili kuukuu, ekzosi yake, lile bomba la moshi, imetobolewa na kutu. Mimi nilikuwa fundi kijana kutoka Lindi, na mzee alinitaka chini ya gari lake, si ndani ya nyumba yake. Gari likikohoa kule barabarani, nilipata muda wa kumaliza chai ya binti yake na kuruka ua. Halafu mzee akanunua ekzosi mpya, akaniita niifunge.

Nikalala juu ya gunia, nikilainisha nati za zamani kwa mafuta taa. Shosho wako akainama, akaninong'oneza, "Usikaze sana. Iache ilie kidogo."

"Mimi sifungi ekzosi ya kulia," nikamjibu kwa maringo.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa kwenye kiti cha mzee, chapati mkononi, nilipoona kivuli mlangoni. Gari lilikuwa limeshafika uani, kimya kama kanisa siku ya Jumatatu.

Mzee akalitazama gari, akanitazama mimi. "Umefunga vizuri," akasema. "Kaa, lakini si kwa kiti changu."

Kwa hivyo fanya kazi safi, Nekesa. Ila uangalie umekalia kiti cha nani.

Babu yako