Kamstari Mbele ya Jina la Papa Yoramu

Rubondo, Alhamisi alasiri, mwezi wa saba, 2014

Leo vumbi limeamka kabla yetu. Upepo wa kiangazi, jua kali, midomo imekauka, lakini moyo wangu ni mwepesi. Tangu Jumanne chakula kilikuwa hakishuki. Leo nimekula sombe, majani ya muhogo, sahani mbili na sikuona haya.

Asante Mungu. Naanza na hilo, nisije nikalisahau nikishaingia katika mambo ya mashine.

Wanaonisoma hapa wanajua kwamba mimi ni katibu wa kanisa letu dogo, na kwamba shule yangu iliishia mwaka wa pili wa sekondari kule Uvira. Mengine yalikuliwa na vita. Kompyuta nimeikuta nikiwa na mvi kichwani. Lakini mwaka jana nilikaa miezi mitatu kwenye mafunzo hapa katika kambi yetu ya wakimbizi, tukafundishwa kuandika programu ndogo ndogo, na kitu hicho nilikipenda kama wengine wanavyopenda kushona. Unaiandikia mashine mistari mitatu, nayo inafanya kazi ya siku nzima. Darasani tuliita kitanzi: inachukua faili moja, inaishughulikia, inaiacha, inachukua nyingine, mpaka zinakwisha.

Kazi yangu kubwa ni sauti. Kwa miaka minne nimekuwa nikirekodi shuhuda za wazee wa kanisa: walivyotoka Kivu, walichobeba, nani waliachana naye njiani. Zote zilikuwa kwenye kompyuta ya kanisa, faili sitini na tatu. Fasi nyingine, mahali pengine popote, hazikuwepo.

Sasa niungame jambo la majina.

Mwalimu alituambia tuandike majina ya faili kwa ufupi, tusiache nafasi kati ya maneno, tusiweke alama. Mimi nilishindwa. Utamwitaje mzee wa watu kwa neno moja, kama mtu anayeita mbuzi? Niliandika kila mtu na heshima yake. Mama Noëlla nilimpa nukta zake mbili juu ya e, kama alivyobatizwa. Mzee M'Birindwa nilimwachia kile kialama chake cha juu. Shemasi Papa Yoramu niliandika maneno yote matatu, na nafasi katikati.

Mapema tu yakaanza kunisumbua. Kwenye simu ya Mama Noëlla jina lake lilitokea na alama ya kuuliza katikati, akanijia amevimba: "Mama Riziki, unauliza nini mu jina yangu? Baba yangu hakuuliza!" Nafasi nazo zilinitesa. Mara ya kwanza kitanzi changu kilimkata Papa Yoramu vipande vitatu. Kilitafuta faili inayoitwa Shemasi, kikatafuta Papa, kikatafuta Yoramu, kisimwone hata mmoja. Nikajifunza kulifunga jina lote ndani ya alama za kunukuu, lipite zima. Siku ile nilijiona fundi mkubwa.

Kuna alama moja sikuifikiria kabisa, kwa sababu haikutoka darasani. Ilitoka kanisani.

Sisi hatukati jina la mtu. Katika daftari la washirika, mtu akiitwa na Bwana, katibu anachora kamstari kadogo mbele ya jina lake, basi. Jina linabaki, linasomeka, na siku ya kumbukumbu linatajwa pamoja na mengine. Ndivyo nilivyokuta, na ndivyo katibu aliyenitangulia alivyokuta kule nyumbani. Kwa hiyo kila mzee wetu alipofariki, nilingoja mazishi yapite, kisha nilifungua kompyuta na kuweka kamstari mbele ya jina la faili yake. Nilifanya kwa heshima yote. Machozi mengine yalidondokea kibodi.

Papa Yoramu nilimwekea kake mwaka jana.

Basi, wazee wa baraza waliamua kompyuta ile wapewe watoto wa shule ya msingi. Lakini kwanza ipelekwe Mbarara kwa fundi, kule Ruti, afute kila kitu na kuiandaa upya. Jumamosi nikaandika kitanzi changu, faili zote ziende kwenye flashi. Nikabonyeza. Mistari ya Kiingereza ikapita kwenye skrini, na mara kwa mara nikaona neno help, ambalo nalijua. Nikasema amina, mashine inasaidia. Nikafungua faili tatu kuzisikiliza: Mama Noëlla, Mzee M'Birindwa, mwimbishaji wetu. Zote safi. Jumatatu nikaifunga mashine ndani ya kitenge, ikaenda.

Sikuhesabu. Kuhesabu faili ni amri ya nusu dakika, nami sikuhesabu.

Jumanne akaja Mama Neema, mjane wa Papa Yoramu. Familia yake imepata safari ya Amerika, na basi lilikuwa la kuwachukua leo saa nne asubuhi. Hana picha ya bwana yake hata moja. Zilibaki Fizi, ziliungua na nyumba. Akanipa simu yake, anacheka. "Mama Riziki, mizigo yote nimeshafunga, inabakia bwana yangu tu. Muweke humu."

Tukacheka wote wawili. Nikachomeka flashi.

Papa Yoramu hayumo.

Nikatafuta tena. Nikamtafuta Mzee Elia, hayumo. Mama Ester, hayumo. Ndani ya flashi kulikuwa na faili hamsini na mbili. Waliokosekana walikuwa kumi na mmoja, na wote kumi na mmoja nilikuwa nimesimama kwenye makaburi yao nikiimba.

Kompyuta ilibeba walio hai, ikaacha marehemu.

Mama Neema hakukasirika, na hiyo ndiyo iliyoniumiza. Alirudisha simu yake katika kanga, akasema pole pole, "Bwana yangu nilimuzika mara moja, Mama Riziki. Usinizikishe mara ya pili."

Nikapiga simu Ruti. Imezimwa. Nikapiga tena, nikapiga mpaka kidole kikauma. Imezimwa. Nikaandika ujumbe: TAFADHALI USIFUTE. Haukufika.

Jana alfajiri nikaenda Mbarara mwenyewe. Na hapa niungame jingine, kwa kuwa nimeshaanza. Njia nzima niliomba maombi mabaya. Niliomba fundi awe mvivu. Niliomba umeme ukatike kwake, vyombo vyake vikwame. Mimi, katibu wa kanisa, nilimwombea mtu kazi yake iharibike.

Fundi anaitwa Peninah, Munyankole, mwenyeji wa huko, mwanamke wa makamo kama mimi. Kibanda chake kiko pembeni ya barabara ya Kabale. Nilimkuta ndiyo kwanza anafungua kufuli. Nikachungulia juu ya bega lake, nikaona mashine yetu juu ya meza, bado imefungwa katika kitenge changu.

Nikaketi pale pale kizingitini.

"Nyabo, nini? Nani amekufa?" Nyabo ndiyo mama kwa lugha yao.

"Watu kumi na mmoja," nikamjibu.

Akashika mdomo. Ikabidi nimweleze haraka kwamba si leo, na kwamba wako ndani ya mashine. Alicheka mpaka akaegemea mlango. Halafu akaacha kucheka. Akaniambia yeye ndiye aliyetoka msibani. Jumatatu mchana, mashine ikiwa imefika tu, aliitwa kwenda kwao Kakiika, mjomba wake amefariki. Alifunga kibanda, akazima simu. "Kama si mazishi," akasema, "hii mashine yako mimi nilikuwa nimefuta jana."

Sijui jambo hilo niliweke fasi gani moyoni. Msiba wa mwenzangu umetuokolea wazee wetu. Kusema asante kwa hilo siwezi, na kunyamaza pia siwezi. Nilimwomba tusali kabla ya kuwasha chochote. Niliiombea familia yao, na kimya kimya nikatubu yale ya njiani.

Tukawasha. Wote sitini na tatu walikuwepo.

Nikarudia kitanzi changu mbele yake, na mistari ile ya Kiingereza ikapita tena. Peninah akaweka kidole kwenye skrini. "Soma, nyabo. Haisaidii wewe. Inasema wewe ndiyo uende kuomba msaada." Kisha akanieleza. Kwa mashine, kamstari mwanzoni ni mwanzo wa agizo: fanya hivi, ongeza hivi. Kwa hiyo kitanzi kilipomfikia Papa Yoramu na kamstari kake, mashine haikuona jina la faili. Iliona agizo ambalo hailijui, ikalalamika, ikamruka, ikaenda kwa mwingine.

"Nani alikufundisha kuanza jina na kamstari?"

"Kanisa."

"Basi kanisa na kompyuta bado hawajaongea."

Akavuta kibodi aniandikie dawa yake. Nikamshika mkono. Niache kwanza nijaribu mimi, nikamwambia, mimi ndiye niliyewaacha.

Nikakaa nikitazama. Darasani tulifundishwa alama hii: ./ yaani nukta moja na mkwaju, ya kuiambia mashine kwamba faili iko ndani ya folda hii tuliyomo. Nikawaza: nikitanguliza hiyo kwa kila jina, kamstari hakatakuwa tena mwanzoni. Katatanguliwa na kitu ambacho mashine inakijua. Nikaandika vialama viwili hivyo mbele ya jina, nikaacha alama za kunukuu mahali pake kwa ajili ya nafasi. Nikabonyeza.

Skrini ikakaa kimya. Hakuna mstari hata mmoja.

"Imekataa," nikasema.

"Nyabo, hii ikinyamaza, imekubali."

Safari hii nikahesabu. Sitini na tatu kwenye mashine, sitini na tatu kwenye flashi. Nikahesabu mara ya pili. Nikafungua wale kumi na mmoja, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja nikamsikiliza maneno machache tu mpaka niijue sauti yake. Peninah alikuwa ameshika kikombe cha chai, hakunywa. Mwishoni akasema, "Webale kukora," ndivyo kwao wanavyompongeza mtu aliyefanya kazi. Cheti changu cha mafunzo kiko ukutani nami sikidharau, lakini neno hilo la jana nimelipenda zaidi.

Kabla sijatoka nikaandika kitanzi cha pili, cha kuondoa tumistari. Nilisitasita sana. Niliona kama nawanyang'anya kitu. Halafu nikaona si hivyo. Daftari la karatasi litabaki na desturi yetu, na mimi nitaendelea kuchora kwa kalamu. Ndani ya mashine wazee wote watapangwa kwa majina yao tu, waliolala na waliobaki, katika orodha moja, na hakuna atakayerukwa. Nafasi na nukta mbili za Mama Noëlla nimeziacha. Kwa hizo nitapambana. Na nakala sasa ziko fasi tatu, mojawapo kwa Peninah, ambaye alisema ataitunza kama ya mjomba wake.

Leo asubuhi nikamkuta Mama Neema uwanjani wanakokusanyika wasafiri, amevaa nguo za Jumapili, wajukuu wamemzunguka, mfuko mweupe wa karatasi za safari umening'inia shingoni. Alinitazama usoni tu, akajua, akanipa simu.

Nilimwekea faili. Akafungua sauti ya juu, akaiweka karibu na shavu.

Papa Yoramu akaanza kuongea na sauti yake ile ya kukwaruza. Alikuwa anaeleza namna walivyoacha ng'ombe wao kwa jirani, na jirani alivyolia kuliko wao. Wajukuu wakasogea karibu. Mimi nilikuwa nimeshasahau nilivyorekodi siku ile, nyumbani kwao, nje, kuku na watu wakipita. Katikati ya ushuhuda, hapo penye uchungu mwingi, mzee akakata maneno na kupaza sauti: "Mama Neema! Funika mboga, mbuzi iko inakuja!"

Mama Neema akashtuka, akacheka na machozi yakimtoka pamoja. Kisha akaisogeza simu mdomoni, akamjibu bwana yake kama mtu aliye jikoni:

"Nilishafunika, Baba Neema. Endelea tu."

Naye akaendelea.

Basi lilipoondoka, niliwaona dirishani bado wanasikiliza.

Nimerudi hapa nikiwaza nyumba yangu. Nimerekodi kanisa zima. Nimeoana na Baba Riziki miaka ishirini na minne, na sauti yake sina hata moja, si kwenye flashi, si kwenye simu. Kesho, akirudi shambani, nitamweka kwenye kiti na kinasa sauti mbele yake. Najua atasema hana la kusema.

Nitamrekodi akisema hivyo.