Kipimo cha Pili cha Baba

Nyumbani,
Jumamosi, 14 Juni

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Miguu inaendeleaje? Natumaini uvimbe umepungua na unapata usingizi. Sisi tunaamka, tunakula, wageni wanapungua. Mama anakusalimu, ingawa siku hizi anaongea kidogo.

Kwenye simu uliniuliza swali, nikasingizia mtandao: kwa nini baba aliruhusiwa kuondoka hospitali? Hakuruhusiwa.

Alikuja maabarani kwetu, pale hospitali, saa nne asubuhi, mkono kifuani, akidai amejitegua kwa kunyanyua kochi la mteja. Nilimtoa damu mwenyewe. Kipimo chetu cha haraka kinatafuta protini inayovuja moyo ukiumia. Unasubiri dakika kumi na tano. Ikitokea mistari miwili, kuna hatari. Ulitokea mmoja.

"Umeona?" akasema. "Moyo mzima. Ni wewe tu unayetaka kunifanya mgonjwa."

Lakini damu huchelewa kusema, Shangazi. Maumivu yakiwa mapya, protini bado ni kidogo mno kuonekana. Ndiyo maana daktari aliagiza akae pale kwenye benchi mpaka saa saba, apimwe tena. Hilo nalijua hata usingizini. Nimewaeleza wagonjwa wangapi.

"Binti, lile kochi nimeliacha mifupa mitupu, bila kitambaa, na mwenyewe analifuata adhuhuri. Niache nichomoke mara moja, nitarudi."

Nikacheka. Nikamfungulia mlango wa nyuma. Ule mstari mmoja ulinipendeza kuliko yote niliyosoma chuoni. Saa sita na nusu walimkuta karakanani, ameegemea kochi, mkasi bado mkononi.

Kaka anaamini daktari ndiye aliyemrudisha baba nyumbani. Jumatatu anakwenda kumshtaki kwa mganga mkuu. Daktari mwenyewe alikuja msibani, akanipa pole, akakaa na wanaume mpaka jioni. Anadhani baba alitoroka, na kwa heshima yetu hajalisema.

Barua hii ikikufikia nitakuwa nimeshamwambia kaka, na mama pia. Sijui kama watanitazama usoni. Nawe ukishikwa na hasira, usininyamazie. Nipigie unigombeze. Ukigomba unafanana naye, na sauti yake nimeikosa sana.

Wasalimie watoto wote, hasa kitindamimba wako. Mungu akupe nguvu ya kuupokea ukweli huu ukiwa mbali na sisi.

Anakupenda, hata ukikasirika,
Binti wa kaka yako