Udongo wa Lusangi

Mama Furaha,

Siku ya kukuzika walinipa udongo nikutupie, nikashindwa. Watu wa Lusangi walidhani ni huzuni. Tangu ugonjwa uliponipooza upande wa kulia, unajua, mkono huu haukuwa wangu tena. Udongo ulipita katikati ya vidole, ukaishia kwenye kiatu changu. Binti yetu akakutupia kwa niaba yangu. Maisha yetu yote, halafu nikakuaga kwa mkono wa mtoto.

Niliporudi Kasongo nikayatafuta makopo uliyonitengenezea kwa mazoezi ya mkono. Unakumbuka ulivyoyajaza saruji, ukachomeka vipande vya bomba viwe mishikio? Chuma kilikuwa kikiteleza kwa jasho. Kopo liliponiangukia mguuni ulicheka: "Mukono yako iko muvivu sawa na weye mwenyewe." Kisha ukakata mpira wa ndani wa baiskeli, ukauzungusha kwenye bomba huku ukiuvuta kwa meno. Halikuteleza tena, lakini lilikuwa jembamba mno kwa vidole visivyojikunja. Ulisema tutalinenepesha. Ukafa.

Nililinenepesha mwenyewe. Nilifungua ule mpira, nikazungushia kwanza kitenge chako cha jikoni, kile chenye harufu ya moshi, mpaka mshikio ukajaa kiganja. Mpira nikaurudisha juu yake, kwa mkono wa kushoto na meno yaliyobaki. Kila asubuhi nilikaa barazani nikinyanyua kopo. Majirani wakapita: "Mwalimu, unajitayarisha kwenda kuchimba dhahabu Salamabila?" Sikuwaambia kwamba nataka kushika udongo tu.

Juzi Furaha alinipakia kwenye pikipiki, nikabanwa kati yake na dereva mpaka Lusangi. Majani yameota juu yako. Walinishika makwapa, nikainama, nikafumbata udongo. Hakuna hata punje iliyoanguka.

Halafu mkono ukakataa kufunguka. Furaha alinisugua vidole, akalia. "Papa, fungua mukono. Muachilie mama."

Sasa naungama, maana kifua kimejaa maji na daktari haniambii tena nirudi lini. Alipokuwa akinisugua, vidole vililegea. Nilivisikia. Nikavikaza. Mkono haukukataa, mama. Ni mimi. Nilihangaika asubuhi zote zile ili nikutupie udongo, na nilipoweza, sikuweza.

Nilirudi nao nyumbani. Nimeufunga kwenye kipande cha kitenge kilichobaki, uko chini ya mto wangu. Furaha anadhani ni dawa.

Makopo siyanyanyui tena. Lakini nimemwambia anizike pembeni yako, na kifurushi hicho akiweke katika mkono wangu wa kulia, aukunje vizuri. Ameapa, bila kuuliza.

Lala, Mama Furaha. Udongo wako nitakuletea mwenyewe, na nikifika nitafungua mkono.

Papa Furaha