Mngurumo wa Mwanzo

Jumamosi, 8 Februari
Bila mimi Sweden isingejua roki ni nini. Naandika bila kuona haya. Leo nimeosha mabasi kama kawaida, redio ya gereji ikaupiga tena wimbo wa Zawadi, mtoto wa marehemu dada yangu. Kwa Kiswahili ungeitwa "Visigino vya Radi". Singo inayoongoza nchi nzima! Viatu virefu kama stuli, uso umepakwa rangi ya fedha, na kabla hajafungua mdomo, ule mngurumo. Grrrrm. Gazeti limesema ni kama dubu anaamka. Dubu huyo ni mimi. Niliwaambia wa gereji wakacheka. Hawana masikio.

Jumapili, 9 Februari
Ibada ya Wakenya kule Norsborg. Baadaye kwenye chai wakaanza kumchambua Zawadi. Eti anajipaka kama jini. Mama Purity akasema ndivyo anavyokuwa msichana aliyekosa mama. Hapo nikapandwa na hasira. Nikasimama nikatangaza: mjomba wake nimo ndani ya wimbo, mngurumo ule ni gitaa langu la besi, nimelipiga kwa vidole hivi. Mzee Kilonzo, mwenyekiti wetu, akasema, "Kama mjomba yumo, basi hiyo ni nyimbo ya nyumbani." Wakakubali aje aimbe Jumapili ijayo kwenye sherehe ya kanisa. Halafu mzee akanigeukia. "Na wewe utapiga hiyo besi, sindio?"
Nikasema naam. Ulimi huu!
Mngurumo ni wangu, hapo sikudanganya. Besi sijawahi kushika.

Jumanne, 11 Februari
Zawadi amepiga simu akilia kwa furaha. Tangu tumzike mama yake hajakanyaga kanisani kwetu. Walimsema binti wa watu hadi kaburini, nywele zake, suruali yake. "Anko, wewe ndio umeniombea? På riktigt?" Kweli kabisa, nikamwambia. Kuhusu besi nikanyamaza. Naogopa. Wakinigundua watasema mjomba mwongo na mpwa wake mwongo, na mlango atafungiwa tena, safari hii kwa sababu yangu.

Alhamisi, 13 Februari
Nimeazima besi kwa Papa Dido, Mkongo wa Farsta. "Mon frère, unaishika kama jembe," akaniambia. Nimebuki chumba cha kufulia nguo cha jengo letu, nikaingia bila nguo hata moja ya kufua, nikajifungia kufanya mazoezi. Jirani amebandika karatasi mlangoni: mashine inalia vibaya, aitwe fundi. Vidole vina malengelenge.

Jumamosi, 15 Februari
Nimeota ukumbi mzima unatazama mkono wangu. Nimefikiria kujifanya mgonjwa. Mimi niliwahi kukodoleana macho na simba kule Tsavo mpaka simba akaona haya. Lakini Mama Purity amesema atakaa mbele kabisa na simu, apige video awatumie watu wa nyumbani Machakos. Simba hana simu.
Nimemwandikia Zawadi ujumbe. Nikafuta. Nikaandika tena: besi sijui, niliwadanganya. Nikatuma kabla sijapata akili. Ameusoma.

Jumapili, 16 Februari
Zawadi alinikuta nyuma ya jukwaa nimeloa jasho. Nilijua atanifokea. Hakunifokea. Alichomoa waya wa besi, akautia mfukoni mwangu, akanichora nyota ya fedha shavuni. "Tembeza vidole tu, Anko. Na ukaze uso." Kisha akabonyeza kompyuta yake na mngurumo ukatoka kwenye spika, mnene, ukumbi ukatikisika. Nikakaza uso. Zawadi akakanyaga jukwaa kwa vile visigino, na kufika kiitikio Mama Purity alikuwa amesahau simu kitini, anapiga vigelegele. Baadaye alimkumbatia Zawadi muda mrefu, akamwita mwanangu. Mzee Kilonzo ameshika vidole vyangu, akasema ni kipaji.

Sasa niko nyumbani. Theluji inaanguka. Nyota haitoki kwa sabuni, na sijaisugua sana.

Nitaandika mara moja tu. Siku ya kurekodi nilikwenda studio kumbebea Zawadi viatu. Nilikuwa nimetoka zamu, nikaketi kwenye kochi. Maikrofoni ilikuwa imewashwa. Ule mngurumo ni mimi, nikikoroma.