Jinzi Namba Thelathini na Sita

Kaka Genival,

Huku Toritama mvua imenyesha, na mbuzi wa Mama kazaa mapacha. Jumatatu nilimpeleka Baba sokoni kununua jinzi. Muuzaji akamzungushia kiuno cha suruali shingoni kupima saizi, kama kawaida. Ncha hazikukutana kisogoni.

"Mzee, hii ndogo, umenenepa. Chukua arobaini na mbili."

Nikageuka, nikafuta machozi.

Sikukuandikia kwamba mwezi Machi, Baba alipougua na daktari akakata tamaa, tulimnunulia thelathini na sita, ya kuzikiwa. Jana Baba kaikuta kabatini.

"Ya nani hii?"

Nikasema, "Ya Genival."

Basi imo kwenye kifurushi hiki. Kitambaa kizuri, hakichuji. Ivae, kaka, ivae mpaka ichakae.

Mdogo wako,
Dorinha